Unapoipenda Windows ya zamani: namna ya kuamua ubaki nayo au uhame

Kwenye skrini yangu kuna dirisha, na ndani ya dirisha hilo mna kompyuta nyingine nzima: Windows XP yenye rangi ya kijivu, na PageMaker 7 ikiwa wazi kwenye ukurasa wa 112 wa kitabu nilichokipanga zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita. Mchapishaji anataka kukitoa upya, na maandishi yake yamo humo tu. Nje ya dirisha hilo kompyuta yangu inaendeshwa na Linux Mint ya sasa, mfumo wa bure usio wa Windows, inapokea masasisho yake kama inavyopaswa, na ndiyo ninayoandikia haya. Nilifika kwenye mpangilio huu baada ya kuhangaika sana. Nauandika kwa ajili ya yeyote anayeambiwa kila siku "hama, hiyo imepitwa na wakati" na akahisi kwamba anayemwambia hajui anachomwomba aache.

Kazi yangu ni kuhariri na kupanga kurasa za vitabu. Kwa siku moja nafungua menyu zilezile mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Kitufe kikihamishwa sentimita mbili, mkono unakosa, jicho linatoka kwenye sentensi, na nikirudi naanza aya upya. Kwa hiyo mtu akiniambia anaipenda Windows 7 kuliko zote zilizoifuata, simwoni mkaidi wala mtu wa zamani. Namuuliza swali moja tu: unapenda nini humo? Ukilijibu vizuri swali hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Andika unachokipenda, kimoja kimoja

Weka karatasi kando ya kibodi kwa wiki nzima. Kila unapofurahi kwamba uko kwenye mfumo wa zamani, au unapokasirishwa na mpya ulioujaribu, andika kilichotokea hasa. "Windows 7 ni nzuri" haitakusaidia. "Naona majina ya faili zote zilizo wazi bila kugusa kitu" itakusaidia.

Karatasi yangu bado ninayo. Niliandika kwamba upau wa chini, ule wenye kitufe cha Start, mimi nauweka pembeni kushoto, kwa sababu skrini za leo ni pana na ukurasa wa kitabu ni mrefu, hivyo sitaki upau uule urefu. Niliandika kwamba nataka kila dirisha lionyeshe jina lake, sio madirisha sita yajifiche nyuma ya ikoni moja. Kwamba programu zangu kwenye menyu nimezipanga mwenyewe kwa mafungu ya kazi. Kwamba sitaki kompyuta ijizime na kujiwasha nikiwa katikati ya sura. Kwamba napenda ule mwonekano wa kijivu usio na mapambo, uliotokana na Windows 95, ukabaki ndani ya XP, Vista na 7 kwa yeyote aliyeutafuta, hadi Windows 8 ilipouondoa mwaka 2012. Kijivu hakishindani na rangi za jalada ninalolikagua. Mwisho kabisa niliandika vitu viwili: PageMaker, na skana yangu ambayo draiva yake, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuiendesha, iliishia kwenye XP.

Nilipoisoma orodha yote kwa pamoja ndipo nilipoona jambo ambalo lilibadilisha uamuzi wangu. Hakuna hata kimoja humo kilichohusu mfumo wenyewe, yaani ile mitambo ya chini inayogawa kumbukumbu, kusoma diski na kuzungumza na mtandao. Vyote vilikuwa vya mbele, vya mkono na jicho, isipokuwa vile viwili vya mwisho vilivyokuwa vya kifaa na programu. Kinachooza kwenye mfumo wa zamani ni mitambo ya chini. Kinachopendwa kiko mbele, na cha mbele kinahamishika.

Yako huenda ikawa tofauti. Ila igawe hivyo hivyo: hiki ni cha mkono, hiki ni cha kifaa. Dawa zake si moja.

Tazama tarehe

Windows XP ilitoka Oktoba 2001 na msaada wake ukaisha tarehe 8 Aprili 2014. Vista iliisha 11 Aprili 2017. Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, iliisha 14 Januari 2020. Windows 8.1 iliisha Januari 2023. Windows 10 iliisha 14 Oktoba 2025, na watumiaji binafsi waliojiandikisha wakaongezewa mwaka mmoja wa viraka vya usalama, yaani masasisho yanayoziba matundu ambayo wahalifu wanaweza kupitia, hadi 13 Oktoba 2026.

Msaada ukiisha kompyuta haizimiki, na ndiyo maana wengi hawalioni tatizo. Inaamka asubuhi kama jana. Kinachokoma ni viraka. Na hapa pana jambo ambalo nisingependa ulipite haraka: matoleo ya Windows yamerithiana sana. Tundu linapozibwa kwenye toleo jipya, wahalifu wanakichukua kile kiraka, wanakilinganisha na faili ya kabla yake, na wanajua tundu lilikuwa wapi. Kisha wanakwenda kulitafuta kwenye toleo la zamani, ambako hakuna atakayeliziba. Kila sasisho la mfumo mpya linaweza kuwa ramani ya kuuingilia ule wa zamani.

Mwaka 2017 tuliliona hilo kwa macho. Tarehe 14 Machi Microsoft ilitoa kiraka cha tundu kwenye huduma ya kushirikiana faili. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikaanza kusambaa kupitia tundu hilohilo, bila mtu kubofya kitu chochote, kikifunga faili za watu na kudai fedha. Uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa XP, miaka mitatu baada ya kuiaga. Lakini kompyuta nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado ina msaada. Kiraka kilikuwepo na hakikuwekwa. Kwa hiyo kama una mfumo mpya na umezima masasisho kwa sababu yanakuudhi, uko palepale alipo mwenye XP.

Kabla ya kuvamiwa, dalili utakayoiona kwanza ni kivinjari. Chrome iliacha XP na Vista mwaka 2016, na toleo lake la mwisho kwa Windows 7 na 8.1 ni la 109, la mwaka 2023. Baada ya hapo tovuti zinaanza kukukataa moja baada ya nyingine. Ukiambiwa kwamba muunganisho si salama kwenye tovuti unayoiamini, tazama kwanza saa ya kompyuta, kwa sababu betri ndogo ya ubaoni ikifa tarehe inarudi nyuma na vyeti vyote vinaonekana batili. Kama saa ni sahihi, basi huenda vyeti vya mizizi, vile ambavyo kompyuta hutumia kuthibitisha tovuti, ndivyo vilivyopitwa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja kikongwe kilichokuwa kinategemewa na tovuti nyingi mno kiliisha muda, na kompyuta zisizopokea masasisho zikakwama siku hiyohiyo.

Niseme pia kitu kwa upande wa pili, maana wapenzi wa zamani huwa tunasahau. XP tunayoikumbuka kwa mapenzi siyo ile ya 2001. Ile ya mwanzo ilikuja bila ukuta wa moto kuwashwa, na wengi waliziona rangi zake kama za mchezo wa watoto. Iliyotulia ni ile ya baada ya Service Pack 2, kifurushi kikubwa cha masasisho cha Agosti 2004. Windows 7 nayo ni Vista iliyorekebishwa. Kwa hesabu ya ndani Vista ni toleo 6.0 na Windows 7 ni 6.1. Vista iliteseka kwa kuwekwa kwenye mashine zenye kumbukumbu isiyoiwezea. Kutokana na hilo nina kanuni ninayoishika: sihamii mfumo mpya mwaka wake wa kwanza. Nasubiri utulie, lakini nasubiri ndani ya ule ambao bado una viraka.

Kabla ya kugusa chochote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Fundi mmoja aliwahi kunipigia Windows mpya. Aliniuliza kama nina nakala ya kazi zangu, nikasema ndiyo, na ilikuwa kweli: folda ya nyaraka zangu yote ilikuwa kwenye diski ya nje. Akaformati. Jioni nikafungua kitabu na kila ukurasa ulikuwa umevurugika. Fonti nilizozinunua na kuzikusanya kwa miaka hazikuwa ndani ya nyaraka, zilikuwa kwenye folda ya fonti ya Windows. Kamusi yangu ya maneno niliyomfundisha Word, maelfu ya majina ya watu na mahali yasiyopigiwa mstari mwekundu, haikuwepo. Violezo vyangu havikuwepo. Barua pepe za miaka minne, ambazo programu ilikuwa inazihifadhi kwenye faili moja kubwa mahali pa kujificha, hazikuwepo. Fundi hakufanya ubaya, ila hakuniuliza swali sahihi, na mimi sikulijua.

Swali sahihi ni: programu zako zinaweka nini nje ya nyaraka zako? Kwenye XP tafuta ndani ya Documents and Settings, kwenye folda yenye jina lako, ile iitwayo Application Data. Kuanzia Vista inaitwa AppData na imo ndani ya Users. Zote mbili zimefichwa, kwa hiyo washa kwanza uonyeshaji wa folda zilizofichwa. Nakili folda yote ya jina lako jinsi ilivyo, si nyaraka peke yake. Nakili folda ya Fonts iliyo ndani ya Windows. Andika kwenye karatasi namba za leseni za programu ulizonunua. Kama diski yako ya nje imeformatiwa kwa FAT32, haitapokea faili moja inayozidi gigabaiti 4, na faili kubwa za barua pepe huwa zinavuka hapo. Iformati kwa NTFS kabla ya kuanza, ikiwa tupu.

Na kama unaweza, usiiformati kabisa diski ya zamani. Itoe. Nunua diski mpya, mfumo mpya uukae huko. Diski ya zamani iliyotolewa ikiwa salama ni nakala kamili kuliko zote, kwa sababu ina hata vile usivyojua kwamba unavihitaji.

Kuuhamishia mkono mazoea yake

Kwanza jifunze vitufe vya kibodi, maana picha kwenye skrini hubadilishwa kila toleo ila vitufe havihami. Kitufe cha Windows pamoja na E kimefungua folda tangu enzi za Windows 95 na bado kinafungua. Windows na D huonyesha eneo-kazi. Windows na R hufungua kisanduku cha kuandika amri, na humo kuna hazina: andika control upate paneli ya zamani ya mipangilio, appwiz.cpl upate orodha ya kuondoa programu, ncpa.cpl upate miunganisho ya mtandao, main.cpl upate mipangilio ya kipanya. Amri hizo zinafanya kazi kwenye XP na zinafanya kazi kwenye Windows 11. Nilipozishika, kuhama kwa menyu kulipungua makali.

Kama umehamia Windows 11, nenda kwenye mipangilio ya upau. Ikoni zirudishe kushoto. Ilipotoka mwaka 2021 haikuruhusu madirisha kuonyesha majina yake, lakini mwaka 2023 uwezo huo ulirudishwa: tafuta sehemu ya kuunganisha vitufe vya upau, chagua visiunganishwe kamwe. Menyu fupi inayotokea ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya unaweza kuiruka kwa kushikilia Shift unapobofya, ukapata ile ndefu ya zamani. Menyu ya Start ya mtindo wa zamani inarudishwa na programu ya bure iitwayo Open-Shell, mrithi wa Classic Shell. Kisha zima miondoko na uangavu kwenye mipangilio ya ufikivu. Usidharau hatua hiyo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita wepesi wa mfumo wa zamani ni kwamba dirisha lilikuwa linafunguka papo hapo, halipepei kwanza.

Mimi sikuhamia huko kwa sababu kompyuta yangu ilikataliwa. Windows 11 inataka TPM 2.0, kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta, na kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa chache, prosesa kuanzia kizazi cha nane. Yangu ni ya saba na haina tatizo lolote la kazi. Sikuona sababu ya kutupa mashine nzima. Nikajaribu Linux Mint, toleo lake la Xfce ambalo halidai kumbukumbu nyingi. Kujaribu hakuhitaji ujasiri: unaiandika kwenye flashi, unaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, na diski yako haiguswi hadi uamue mwenyewe kusakinisha. Nilifanya kazi hivyo siku tatu. Sauti, Wi-Fi, printa, vyote nilivikagua nikiwa bado kwenye flashi, na skana nikaiacha ya mwisho kwa hofu.

Nilichokipata Xfce ni uhuru wa mkono. Upau niliutaka kushoto. Ukiufungulia kufuli yake unaweza kuuburuta popote, lakini ukichagua hali ya wima ya kawaida maandishi yanalala ubavu na unasoma ukiwa umepinda shingo. Nilikaribia kukata tamaa hapo. Dawa ni kwenye mapendeleo ya upau, pale pa kuchagua hali: usichague Vertical, chagua Deskbar. Upau unasimama, maandishi yanabaki yamelala vizuri. Nikauongezea upana hadi majina ya sura yakasomeka yote, nikaweka kipengele cha vitufe vya madirisha, nikawasha majina, nikazima kuunganisha. Menyu nikaibadilisha kutoka ile yenye kisanduku cha kutafutia nikaweka ile sahili inayofunguka ngazi kwa ngazi. Rangi nikaweka kijivu. Kuna mandhari iitwayo Chicago95 inayoigeuza Xfce yote ifanane na Windows 95, hadi pembe za vitufe; niliitumia mwezi mzima kwa furaha tupu, kisha nikachagua kijivu kisicho na kingo nzito.

Asubuhi ya kwanza baada ya mpangilio huo nilipeleka mkono kwenye kona, menyu ikawa pale. Nilifanya kazi hadi saa sita mchana bila kukumbuka kwamba nimehama.

Jua pia kwamba kupenda mwonekano wa zamani si kitu cha aibu hata miongoni mwa watengenezaji. Mwaka 2011 GNOME, eneo-kazi linalotumika kwenye Linux, ilipotoa toleo la 3 na kubadili kila kitu, waliopenda toleo la 2 waliichukua ile ya zamani wakaiendeleza wenyewe kwa jina la MATE, na mpaka leo inapokea viraka. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini: sura ya zamani, mitambo iliyo hai. Linux Mint 22 ina msaada hadi mwaka 2029, kwa hiyo mkono wangu una miaka ya kutulia.

Kwa watumiaji wa Mac hadithi ni ileile kwa namna nyingine. Waliokaa na Snow Leopard ya 2009 walikuwa na sababu zao, na toleo la Catalina la 2019 lilipoacha kabisa programu za biti 32, zile za muundo wa zamani, wengi walilazimika kuchagua kati ya mfumo na programu waliyoilipia. Kwao hatua ya karatasi ni ya lazima zaidi: kagua kila programu yako kabla ya kusasisha, kwa sababu kurudi nyuma kuna usumbufu.

Kilicho cha kifaa au programu

Kabla ya kuamua kwamba kifaa fulani kinakufunga kwenye XP, kijaribu kwenye Linux. Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32, na mtengenezaji asipoandika mpya, kifaa kizima kinageuka takataka kwa upande huo. Linux ina mradi wa SANE unaoendesha skana nyingi kongwe kwa draiva zake wenyewe. Niliichomeka skana yangu nikiwa kwenye flashi, nikafungua programu ya kuskani, taa yake ikatembea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Skana niliyoambiwa imekufa ilikuwa inasubiri draiva tu. Kama SANE haiitambui yako, kuna VueScan, programu ya kulipia inayobeba draiva zake kwa skana za miaka mingi.

PageMaker ni jambo lingine, nayo ndiyo niliyoiwekea XP ndani ya dirisha. Kinachotumika ni VirtualBox, ya bure, inayotengeneza kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako. Utahitaji CD yako halali ya XP na namba yake. Usipakue XP iliyorekebishwa na usiyemjua, maana hujui amepachika nini humo. Tengeneza mashine mpya, chagua Windows XP ya biti 32, ipe kumbukumbu megabaiti 512 na diski gigabaiti 10. Kwa XP hiyo ni neema, kwani ilitengenezwa iweze kuanza hata na megabaiti 64. Diski ya mashine hiyo iunganishwe kwa IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski, si SATA iliyoirithi. Ukisahau, usakinishaji utaanza vizuri kisha utakwama, ama kwa kusema hauoni diski ama kwa skrini ya bluu yenye namba inayoishia na 7B, na utadhani CD ni mbovu. XP haikuja na draiva za AHCI, hali ya kisasa ya SATA, basi. Hata kwenye kompyuta halisi dalili ni hiyohiyo, na dawa ni kubadili hali ya SATA iwe IDE kwenye mipangilio ya BIOS, kama ubao wako bado unaruhusu.

Sasa hatua isiyopaswa kuachwa: fungua mipangilio ya mashine pepe, sehemu ya mtandao, ondoa alama kwenye kadi ya mtandao. XP hiyo isijue kama intaneti ipo. Faili mimi hupitisha kwa folda moja ya pamoja iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, haina kingine ndani. Mashine ikishakamilika, ikiwa na programu yako na fonti zako, ihifadhi hali yake ilivyo kwa kile kitendo cha VirtualBox kiitwacho snapshot. Kitu kikiharibika, unairudisha ilivyokuwa kwa mibofyo miwili. Kitabu cha ukurasa wa 112 ninakitoa sura kwa sura kama RTF, aina ya faili ya maandishi inayosomwa na programu nyingi, ninakifungua LibreOffice nje ya dirisha, na ninaanza kukipanga upya kwa programu ya leo.

Kama kifaa chako kinakulazimisha ubaki na kompyuta halisi ya XP, labda inaendesha mashine ya kukata au kupimia, sheria ni ileile: waya wa mtandao uchomolewe, na Wi-Fi izimwe. Utatamani kuiunganisha na kompyuta mpya ili wapeane faili, na itakataa, kwa sababu Windows 10 zilizosakinishwa upya tangu mwishoni mwa 2017 zilizima SMB1, lugha pekee ya kushirikiana faili ambayo XP inaifahamu. Utaona maelekezo ya kuiwasha. Usiiwashe. Huo ndio mlango ambao WannaCry ilipitia. Tumia flashi moja ya kazi hiyo pekee, na ukiichomeka kwenye XP shikilia Shift mpaka itambuliwe, ili chochote kilichomo kisijiendeshe chenyewe.

Na kama bado unataka kurudi nyuma kabisa, usakinishe Windows 7 juu ya kompyuta mpya, ujue tu kitakachokukuta. Flashi ya usakinishaji haina draiva za USB 3, hivyo kwenye mashine nyingi za kuanzia 2015 utafika kwenye skrini ya kuchagua lugha, na hapo kipanya na kibodi vitakufa mkononi mwako. Draiva zinaweza kupachikwa kabla. Lakini ukifika hapo rudi kwenye karatasi, uangalie unachokitafuta ni kipi na kama kweli kiko upande ule.

Diski niliyoitoa niliiandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, nikaifunga kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, nikaiweka droo ya chini. Nilijipa miezi sita kabla ya kuigusa kwa matumizi mengine. Nimeirudia mara moja, kuchukua fonti yenye herufi za Kiarabu kwa ajili ya utenzi mmoja, fonti ambayo ilikuwa imekaa ndani ya folda ya programu na si ndani ya Fonts. Miezi sita imepita, na bado iko kwenye droo.